Mbwa wa Sheria ya Ng'ombe

Shefu Munguakonkwa alitoa hukumu yake akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la mkewe, na hukumu yenyewe ilikuwa hii: Kahawa azae tena. Azae mpaka apatikane mtoto jike. Mtoto huyo akiachishwa ziwa apelekwe kwa Papa Habarurema, na baada ya hapo Kasereka atakuwa huru kumfanyia mbwa wake apendavyo. Amtoe kizazi, amvike gauni, ampeleke misa ya asubuhi.

Watu walicheka kwa ajili ya gauni. Kasereka hakucheka. Alikuwa amesimama katikati yao na vumbi la mbao nyweleni, maana walimwita akiwa kazini, na Kahawa alikuwa ameketi juu ya mguu wake kama alivyozoea, anapiga miayo, hajui kwamba tumbo lake limekwisha kugawanywa mbele ya halaiki.

"Shefu," alisema Kasereka, "daktari wa wanyama amesema akibeba mimba ingine atakufa."

"Daktari si Mungu."

"Na weye?"

Kicheko kilikatika. Shefu wa nyumba kumi si mtu mkubwa; kazi yake ni kusuluhisha ugomvi wa maji na wa kuta, na kujua nani amehamia na nani amehama. Lakini hata mtu mdogo hapendi kuulizwa swali la namna hiyo mbele ya mkewe. Munguakonkwa alijikuna shingo.

"Kijana, mimi nimehukumu kufuatana na mapatano. Mulipatana, ao hamukupatana?"

"Hatukupatana kitu. Nilipewa mbwa."

Papa Habarurema alikuwa ameketi kando, kofia kichwani, fimbo imelala juu ya magoti. Alisema kwa upole, na upole wake uliuma kuliko matusi.

"Kasereka, mutoto yangu. Ulikunywa maziwa kwangu, ao hukukunywa?"

"Nilikunywa, muzee. Nilikuwa na kiu."

Watu wakacheka tena, na kwa wengi wao kesi ilikuwa imekwisha.

Maziwa hayo aliyanywa miaka ya nyuma kidogo, wakati alipokuwa ndiyo kwanza amefungua atelie yake ya vitanda na milango huko Ndosho, na wezi walikuwa wamempitia wakambebea randa, misumeno, hata gundi. Goma ya siku hizi mtu mwenye kitu hawezi kulala bila mbwa. Na mbwa mzuri hapatikani sokoni. Mbwa mzuri anapatikana kwa mtu. Mtu huyo alikuwa Papa Habarurema, muuza maziwa wa juu ya avenyu, aliyeshuka na ng'ombe wake wachache kutoka milima ya Masisi na akashuka pia na mbegu ya mbwa ambao kila mtu aliwasifu. Mbwa wa Habarurema hawabwekei upepo. Hawabwekei paka wala mlevi anayepita akiimba. Wakibweka, toka na panga, kuna mtu ukutani.

Kasereka alikwenda kuomba kitoto jike. Mzee alimkaribisha sebuleni, akamjazia kikombe kikubwa cha maziwa ya mgando, na pale kwenye benchi walikuwapo wazee wengine wawili, kimya, kama watu waliokuja kuona jambo. Kasereka ni mtoto wa Butembo, wa mashamba ya viazi na malori ya maharage. Kwao ukipewa maziwa, umepewa maziwa. Akanywa, akashukuru, akafuta mdomo kwa mkono, akambeba mbwa wake chini ya koti. Njiani aliimba.

Hakujua kwamba kikombe kile kilikuwa kufuli. Huko alikotoka Habarurema, mwenye ng'ombe wengi humpa jirani ng'ombe jike amfugie. Mfugaji hunywa maziwa na kuchukua mbolea. Mwenyewe hubaki na tumbo. Mtamba wa kwanza atakayezaliwa hurudi kwa mwenyewe, na mpaka arudi, mama yake si wa mfugaji, ni wa kufugishwa tu. Mapatano hufungwa kwa kikombe mbele ya mashahidi. Ni desturi nzuri, imewainua maskini wengi, na hakuna mtu mwenye akili wa kuicheka. Lakini nani aliwahi kusikia ikifungwa juu ya mgongo wa mbwa?

"Basi kamua," mkewe Masika alimwambia siku walipoambiwa habari hiyo. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho. "Maziwa njo haki yako. Na mbolea pia, iko mingi nyuma ya choo."

Siku ile Kasereka alicheka pamoja naye, kwa sababu lilikuwa bado jambo la kuchekwa. Kahawa alikuwa amezaa kwa mara ya kwanza, vitoto vimejipanga tumboni kama viatu vya watoto mlangoni, na Habarurema alikuja mwenyewe na fimbo yake, akavuta mkia wa kila kimoja, akatazama, akakirudisha.

"Dume. Dume. Dume. Hii nayo dume." Akajinyoosha. "Tutangojea."

Ndipo alipoeleza. Na alipoeleza, Kasereka alisema tu, "Sawa, muzee," akidhani ni heshima isiyo na gharama. Vitoto vile madume viligawanywa avenyu nzima. Watu wa kila kabila walikuja na vikapu vyao, na waliokosa waliahidiwa mzao unaofuata. Kila mlango ulikuwa na ahadi yake ndani ya tumbo la Kahawa. Shefu Munguakonkwa naye alikuwa ameahidiwa. Hilo wakati wa hukumu halikutajwa na mtu.

Mzao wa pili ndio uliomtia Kasereka moto ambao mpaka leo haujazimika. Kahawa alianza uchungu asubuhi, na mpaka jua linakaribia kwenda upande wa pili alikuwa bado anasukuma, macho yamemtoka, ulimi umekuwa wa rangi ya zambarau, na chini hakuna kinachotokea ila maji meusi. Kasereka alimtuma mtu wa pikipiki amlete Daktari Mukamazimpaka, mama mmoja mfupi mwenye mikono midogo, naye binti wa wafugaji wa huko huko Masisi, aliyesomea tiba ya wanyama. Alivua saa, akajipaka sabuni mpaka kwenye kiwiko, akapiga magoti juu ya jiwe jeusi la volkano pale uani. Kitoto kilikuwa kimekaa kwa upande, kimeziba njia. Alikivuta kikiwa kimekufa. Nyuma yake vikaja viwili hai, vichovu, na Habarurema alipofika kuvuta mikia havikuwa na habari mpya ya kumpa.

"Dume," alisema. "Na hii dume." Hakumtazama mbwa mwenyewe, aliyelala ubavu na nzi wamemtua machoni.

Daktari alimwambia Kasereka pembeni, akiwa ananawa. "Kizazi kimepasuka kidogo ndani na kimevimba. Kitapona, lakini hakitarudi vile kilikuwa. Nyonga yake ni ndogo. Akibeba ingine, ao kizazi kitapasuka, ao utakuja kuniamsha mimi usiku na nitamukuta amekufa. Tukitoe."

"Leo?"

"Hapana. Sasa ana maziwa, na amechoka. Anyonyeshe, maziwa yakauke, anenepe kidogo. Halafu uniite mbele ya damu yake ingine ya kutaka dume kuanza. Hapo katikati njo saa mzuri. Damu ikishaanza, mishipa yote inajaa, inakuwa sawa na nyanya mbivu, ukiigusa inavuja. Usiache ikukute."

Maneno yalikuwa wazi kama mchana. Na Kasereka angeweza kuyafuata kimya kimya. Masika alimwambia hivyo. "Maziwa yakikauka, muite daktari, afanye, tufunge mudomo. Muzee akiuliza, unasema mbwa amekuwa tasa. Nani atamufungua aone?"

"Mimi si mwizi," Kasereka alisema. "Sitajificha kwa sababu ya kumuponyesha mbwa wangu."

Kijana huyu kiburi alizaliwa nacho, na hiki kilikuwa kiburi kizuri, lakini kilimgharimu. Alivaa shati safi, akapanda mpaka kwa Habarurema, akamweleza kila kitu alichosema daktari. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kutoa kizazi ambacho si chako ni kuiba, na asubuhi yake akaenda kwa shefu.

Tangu hapo kesi ikavutwa kama mpira wa manati. Shefu ana matanga. Shefu amekwenda Kiwanja kwa shemeji yake. Shahidi mmoja anaumwa mgongo. Maziwa ya Kahawa yakakauka, mbavu zikafunikwa nyama, manyoya yakarudi kung'aa, saa nzuri ikafika, ikakaa, ikaanza kupita, na Kasereka anangojea hukumu kama mtu mwenye kuamini kwamba watu wakielezwa vizuri wataelewa.

Ndiyo maana siku walipomhukumu amzalishe Kahawa, hakuondoka kimya.

"Papa Habarurema," alisema, "nina swali moja tu. Ng'ombe yako akikwama wakati wa kuzaa, daktari akakuambia usimupandishe tena, utamupandisha?"

Mzee aligeuza fimbo magotini. Wote pale walijua jibu. Mtu huyu aliwahi kulala zizini juma zima kwa ajili ya ng'ombe mwenye kuhara.

"Ng'ombe ni ng'ombe," alisema mwishowe. "Hii ni mbwa."

"Ahaa. Basi mumesikia wenyewe." Kasereka aliwageukia watu, sauti yake ikapanda, na mikono yake ikaanza kupanda nayo. "Kwa kumudai, ni ng'ombe. Kwa kumutibu, ni mbwa. Mukitaka watoto wake munaleta sheria za mababu, vikombe, mashahidi. Mukiambiwa atakufa, ni mbwa tu, afe. Kama ni ng'ombe, muzee, ungekuja ukalala naye uani siku ile alipokuwa anakufa. Ungetia mukono wako. Uliingiza mukono wako wapi? Chini ya mikia tu, kuhesabu."

Mtu mmoja nyuma aliguna, akafunika kicheko kwa kikohozi. Shefu alipiga mkono juu ya paja.

"Uheshimu muzee."

"Nimemuheshimu mpaka mbwa wangu akaoza ndani. Nyinyi wote munataka vitoto, hakuna mumoja anataka mbwa." Na hapo kulikuwa na neno lingine kwenye ncha ya ulimi wake, lile la kumwambia mtu na watu wake wote, wa ng'ombe au wa viazi, warudi walikotoka. Alilimeza. Katika mji huu neno hilo likishatoka, kesi ya mbwa haiwi tena ya mbwa, na wanaokuja kuisuluhisha hawaji na viti vya plastiki.

"Hukumu ni hukumu," alisema Munguakonkwa. "Damu ya mbwa ikianza, Papa Habarurema ataleta dume yake. Utafungua mulango."

Damu ilianza juma lile lile. Masika ndiye aliyeiona asubuhi, matone mekundu sakafuni kati ya takataka za randa, na kabla ya saa sita madume ya Ndosho yote yalikwisha kupata habari. Yalikuja yenye mkanda shingoni na yasiyo na mkanda, yenye mguu mbovu, yenye sikio nusu. Yakajipanga nje ya uzio kama watu wanaongojea maji ya bomba. Uzio wa Kasereka ni wa mbao za mabaki, umesimikwa katika mawe ya volkano ambamo hata nguzo haishiki vizuri. Mbwa mmoja mwekundu alikwisha kuchimba pembeni mpaka pua ikaingia. Kasereka alizungusha mawe, akagongomea mbao, akamfungia Kahawa ndani ya atelie, na Kahawa mwenyewe, ambaye hakujua neno la daktari wala la shefu, alikwaruza mlango akilia ili atoke.

Jioni Habarurema alipita. Hakusimama, alipunguza mwendo tu. "Nimeona wageni kwako," alisema, akionyesha madume kwa fimbo. "Kesho mchana nitakuja na ya kwangu. Hizi za barabarani zitaharibu mbegu."

Kasereka alimpigia daktari simu papo hapo. Asubuhi Mukamazimpaka alifika na mfuko wake. Alimshika Kahawa taya, akatazama ufizi, akamwinua mkia, akavuta pumzi kwa pua.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Nilikuambia usiache ikukute." Hakupaza sauti, lakini alikuwa amekasirika, na si kwa Kasereka peke yake. "Baba yangu alifugisha watu ng'ombe kuliko huyu muzee. Ng'ombe ikiumwa kizazi, alikuwa anamuambia mufugaji: chinja, ama tibu, mapatano yamekufa. Hakuna desturi inasema uue mama kwa sababu ya mutamba. Hiyo ni ya kwake mwenyewe."

"Unaweza kungojea damu iishe?"

"Mimi naweza. Ndiyo ingekuwa vizuri, miezi miwili, mishipa itulie. Weye unaweza kumufunga siku zote hizo?" Wote wawili walitazama uzio. Yule mbwa mwekundu alikuwa amerudi, na safari hii kichwa kizima kilikuwa ndani. "Na huyo mwenye hukumu yake mukononi?"

Kasereka alishusha macho kwa Kahawa. Alipiga magoti, na Kahawa akaja akaweka kidevu chake juu ya bega lake, mzito, wa moto. Kama akingoja, atazuia madume ya barabara lakini hatazuia la Habarurema, isipokuwa kwa ngumi, na akipigana na mzee, avenyu yote itamgeukia. Kama asipongoja, huenda akamwua leo kwa mkono wa daktari, kwa dawa na kisu, kabla mimba haijamwua. Miezi yote aliyoipoteza akingoja kueleweka ilimrudia mmoja mmoja. Walimnyang'anya ile saa nzuri, wakamwachia hizi mbili mbaya, na wakamwambia achague.

"Nafasi yake ya kupona ni ngapi?" aliuliza.

"Ya leo ni nzuri kuliko ya kuzaa. Zaidi ya hapo usiniulize."

"Fanya sasa. Na mulango wa atelie ubaki wazi. Anayetaka kuona aone."

Walitandika mlango mpya, ambao mtu mmoja wa Katindo alikuwa ameuagiza, juu ya benchi mbili. Masika alichemsha vitambaa. Daktari alimchoma Kahawa sindano ya usingizi, na Kasereka alimshikilia kichwa mpaka macho yakalegea na ulimi ukatoka upande. Daktari akamnyoa tumbo kwa wembe, akapaka dawa ya rangi ya chai, akafunika kila kitu isipokuwa kidirisha kidogo cha ngozi, akapasua.

Habarurema alifika katikati ya kazi, na dume lake jeusi kwenye kamba, na shefu, na watu walioona shefu anapita wakamfuata kwa sababu ni mchana na hawana kazi. Kelele zilianza barabarani. "Anaiba. Shefu, tazama, anaiba saa hii."

"Aingie mumoja tu," alisema daktari bila kuinua kichwa. "Muzee mwenyewe. Aache mbwa inje, avue kofia, asiguse kitu."

Moyo wa Kasereka uliruka kwa furaha ya hasira. Hilo ndilo alilokuwa analitaka tangu mwanzo: aje aone. Mtu aliyezalisha na kupasua ng'ombe wengi kiasi kile hawezi kuona na asielewe. Habarurema aliingia, akasimama upande wa pili wa mlango ule aliolazwa Kahawa, na daktari akainua kizazi kwa vidole viwili ili kipate mwanga.

Hakikuhitaji maneno. Upande mmoja ulikuwa mwekundu, mzima, umejaa damu ya majira yake. Upande mwingine ulikuwa umekunjamana na kunata kwenye utumbo, na mahali pale palipopasuka palikuwa pembamba kama karatasi iliyolowa. Kidole cha daktari kilionekana kwa nyuma. Habarurema aliinama. Alitazama kwa muda mrefu. Kasereka alimtazama usoni na aliona, wala hatakubali mtu yeyote amwambie hakuona, jinsi kope za mzee zilivyoshuka, na jinsi kinywa chake kilivyotoa ile sauti ndogo ya wafugaji wanapokuta ng'ombe aliyeharibika. Alijua. Alielewa kila kitu.

Alivaa kofia yake akatoka.

Ilikuwa wakati huo huo. Daktari alikuwa amefunga mshipa wa upande mzima, amekata, na sehemu ile imekwisha kuwekwa ndani ya beseni la buluu, alipokwenda upande ule mbovu, na uzi ukakata mshipa kama vile unavyokata siagi. Damu ikajaa ghafla. "Leta mukono," alisema. "Ingiza kidole hapa, na gumba huku. Bana. Usiachilie hata nyumba ikiwaka."

Kasereka alibana. Ilikuwa kamba laini, ya moto, inayopigapiga kati ya vidole vyake, na kila alipolegeza hata kidogo ilitaka kuchomoka.

Nje ya mbao, hatua chache tu, sauti ya Habarurema ilisikika, ile ile ya upole.

"Nimeona na macho yangu. Kizazi kilikuwa kizima. Cheupe, kizuri, cha mbwa wa kuzaa mara nyingi. Wamekitoa kwa kiburi tu."

"Kizima?" shefu aliuliza.

"Kizima kabisa. Mimi si najua vizazi?"

Watu waliitikia, eee, eee. Mwanamke mmoja alisema kwamba vijana wa siku hizi hawana haya. Mwingine akasema alijua tangu zamani, mtu anayempenda mbwa namna ile ana jambo lake. Wakacheka.

Mwili wote wa Kasereka ulitaka kutoka nje isipokuwa vidole viwili. Beseni lilikuwa karibu na goti lake. Ushahidi wote ulikuwa unamalizika kukatwa na kuingia humo, na mtu wa kuunyanyua juu mbele ya umati alikuwa yeye. Angewaonyesha pale palipo pembamba kama karatasi, angemshika mzee shati na kumwuliza mbele ya dume lake, hiki ni kizima? Maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga kinywani, makali, yenye mapigo, mazuri kuliko yote aliyowahi kusema. Alifungua kinywa.

"Kasereka," alisema daktari. Alikuwa anapitisha uzi mpya, macho chini. "Ukipiga kelele mukono utatikisika."

"Ni mwongo."

"Ni mwongo. Bana."

Alifunga kinywa. Machozi ya hasira yalimtoka, yakamteremkia mpaka kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia; Masika aliyafuta kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayemfuta mtoto uji. Uongo ule ulisimama barabarani ukisemwa na kurudiwa, ukiongezwa chumvi, na kila aliyeufikia aliupokea na kuupeleka mbele. Na yeye alisimama mahali pake akishikilia ule mshipa. Daktari alifunga mara ya kwanza, haukutosha. Alifunga tena chini zaidi. Dume la Habarurema lilibweka, kisha kubweka kwake kukaanza kwenda mbali, kupanda avenyu. Sauti nyingine zikafuata. Mtu aliagana na mwenzake. Shefu alisema kitu kuhusu Kasereka kutopewa tena mnyama na mtu yeyote wa nyumba kumi zake, na hata hilo likapita.

"Achilia," alisema daktari. "Polepole."

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ilibidi avifungue kimoja kimoja. Wote watatu walitazama. Damu haikuja. Daktari alingoja, akafuta kwa kompresi, akangoja tena, akaanza kushona.

Walipomaliza, mchana ulikuwa umelegea na barabara ilikuwa tupu, isipokuwa yule mbwa mwekundu, ambaye hakuwa amesikia hukumu yoyote na bado alikuwa na matumaini. Kasereka alikwenda mpaka mlangoni na beseni mikononi. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Akalirudisha ndani, akalifunika.

"Kesho nitawaambia," alisema.

"Watakuamini?" Masika aliuliza.

"Hapana." Aliketi chini karibu na Kahawa, akauvuta mguu wake wa mbele akauweka juu ya paja. "Lakini nitawaambia. Mumoja mumoja, mulango kwa mulango. Na kwa muzee nitaanzia."

"Usimupige."

"Sitamupiga. Nitamuuliza tu, mbele ya bibi yake, ni nini aliona."

Daktari Mukamazimpaka alikuwa anaosha vyuma vyake. Alisema dawa ya usingizi inaisha, wamfunike asishikwe na baridi, wasimpe chakula mpaka asubuhi. Masika alileta kitenge. Kahawa alitetemeka, akafumbua jicho moja ambalo lilikuwa bado halioni kitu, akainua kichwa kwa taabu kubwa, na akamtapikia Kasereka suruali yote.

"Vizuri," alisema daktari. "Vizuri sana."